Solo Isiyotaka Kurudi Nyumbani

Siku Aikande alipomuuliza Mzee Apolinari anapiga kii gani, yaani wimbo anauanzia sauti ipi, bendi nzima ya Mafuriko ilitazama chini kama watoto waliovunja chungu. Swali hilo Apolinari hakuwahi kuulizwa na binadamu yeyote tangu aanze kushika gitaa la solo, na alianza zamani, wakati huo nywele bado anazo.

Ilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, mtaani kwao Mlabani, mchana wa jua kali. Watu walikuwa wameshiba na sasa walitaka kucheza ili chakula kishuke. Aikande ni binti wa Kilimanjaro aliyekuja Ifakara kusoma uuguzi, na kwa kuwa kinanda alikijua tangu kwao, Kasmiri, kiongozi wa bendi, alimchukua ajaze nafasi ya mpiga kinanda aliyehamia Malinyi kumfuata mwanamke. Binti alikuwa na adabu, kucha fupi na vidole vyepesi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alitaka kujua anakwenda wapi kabla hajaenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, huu wimbo unapiga kii gani?"

"Ile ile."

"Ile ipi?"

Apolinari akavitazama vidole vyake kama anayetaka ushauri. Vidole havikusema kitu. "Ile nzuri," akajibu.

"Sawa. Na tukifika kwenye chemko unahamia wapi?"

Chemko ndiyo pale waimbaji wanapofunga midomo, gitaa la solo likabaki peke yake linatokota, na wazee wenye magonjwa ya mgongo wanasahau kwamba wanaumwa. Chemko ndiyo iliyompa Apolinari jina kuanzia Ifakara mpaka ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, wewe nifuate. Nikipanda, panda. Nikishuka, shuka."

"Nitajuaje umepanda?"

"Angalia nyusi zangu."

Basi, mtoto wa watu akaangalia nyusi. Aliziangalia wimbo mzima, na nyusi zile hazikuwa zimesoma hata darasa moja. Zilipanda Apolinari alipofurahi. Zilipanda soda baridi ilipopita mbele yake. Zilipanda jasho lilipomwingia machoni. Na kila zilipopanda, kinanda nacho kikapanda. Ikatokea sauti ya mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, kila mmoja anayataka majani ya upande wake. Mtoto wa kipaimara mwenyewe, mafuta ya askofu hayajakauka usoni, akaziba masikio.

Mazoezi yaliyofuata, kwenye banda lao nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Kasmiri alimvuta Apolinari pembeni. Kasmiri alikuwa mdogo wake Tekla, mke wa Apolinari, kwa hiyo hata kumkemea alimkemea kishemeji.

"Shemeji, nisikilize, na usinune."

"Nimeshanuna, wewe endelea."

"Tuna harusi Lupiro baada ya mavuno. Harusi kubwa, ukumbi wa maturubai, watu wa Ulanga nzima watakuja. Sitaki mbuzi tena. Kila mpigaji aweze kumwambia mwenzake kwa mdomo anapiga nini na anakwenda wapi. Kwa mdomo, shemeji, si kwa nyusi. Ukishindwa, solo atapiga Aikande kwa kinanda, na wewe utashika gitaa la rithim."

Gitaa la rithim ni kazi ya heshima, bila yake wimbo unalegea kama kamba ya nguo. Lakini mwambie hivyo mpiga solo uone atakavyokutazama. Apolinari alijiona amesimama nyuma, karibu na drams, anakwangua kwa-kwa-kwa kwa-kwa-kwa kama kuku, huku mtoto aliyezaliwa juzi anachemsha chemko yake. Alirudi nyumbani akikokota baiskeli, hakuipanda.

Sasa, lazima ijulikane kwamba Apolinari hakufundishwa muziki na mtu. Alifundishwa na ndege. Alipokuwa mdogo, baba yake alimpandisha juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba la mpunga, awe anaamia ndege wasile. Kutoka kwenye dungu zilitoka kamba kwenda kila upande, na kila kamba ilifungwa makopo yenye kokoto. Ukivuta hii, yanalia ya upande wa mto. Ukivuta ile, yanalia ya upande wa njia. Ndege wa mpunga si wajinga. Ukivuta kwa mtindo mmoja wanauzoea, wanakula huku wanafuata mdundo. Na ukipumzika kidogo tu, ukasema ngoja nijikune, wametua. Wakitua wametua wote, na jioni baba anakuja na fimbo.

Kwa hiyo mtoto alijifunza kuvuta bila kurudia na bila kutulia. Alipokuja kushika gitaa mara ya kwanza, aliliona ni dungu dogo lenye kamba sita. Ndiyo maana solo yake ilikuwa na tabia ile: inakaribia kuisha, watu wanajiandaa kukaa, haiishi, inageuka, inatoka kwa upande mwingine, nao wanajikuta wamo tena. Watu walicheza mpaka viatu vikawavuka kwa sababu hawakuona mahali pa kuachia.

Lakini mambo ya makopo na ndege utayaelezaje kwa binti wa Kilimanjaro anayetaka kii?

Elimu aliyoihitaji Apolinari ilikuwa imelala kitanda kimoja naye miaka yote hiyo. Tekla aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na nota alizijua tangu usichana. Ukimwekea karatasi ya do re mi mbele yake anaisoma kama wengine wanavyosoma bei sokoni. Naye Apolinari, kila alipomkuta anajifunza wimbo mpya, alimwambia, "Nyie kwaya mnasoma alfabeti. Sisi ndio tunapiga muziki." Tekla maneno yale aliyaweka vizuri mahali pakavu, kama mpunga wa mbegu.

Siku hiyo aliporudi na baiskeli yake alimkuta uani, anapepeta mchele. Apolinari akazunguka ua, akalitazama paa, akamfukuza kuku asiye na kosa.

"Mama Evod."

"Abee."

"Hivi ile do re mi yenu..."

"Ile alfabeti?"

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza bado. Uliza."

Akauliza. Alieleza yote: kinanda, nyusi, Lupiro, rithim. Tekla aliendelea kupepeta, na ungo ulimficha uso, jambo lililomsaidia sana mumewe asione anavyocheka.

"Nitakufundisha," akasema mwishowe. "Ila darasani kwangu mwanafunzi anaamkia."

"Mwanafunzi nani?"

"Kwani hapa uani tupo wangapi?"

"Mimi nikuamkie wewe? Mama Evod, umri nimekuzidi!"

"Kwa umri umenizidi. Kwa nota, mimi nimekuzaa."

Apolinari akachungulia juu ya ua kulia, akachungulia kushoto. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, "Shikamoo."

"Shikamoo nani?"

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Si kwenye kiti, baba, kwenye mkeka."

Tekla alifundisha vizuri kuliko mwalimu wa kwaya, kwa sababu alimjua mwanafunzi wake. Hakumchorea ubaoni. Alimpeleka mtaani.

"Do ni nyumbani," alisema. "Wimbo unatoka nyumbani, na nyumbani ndipo unapotaka kurudi. So ni dukani kwa Makame. Pale unaweza kukaa muda mrefu unapiga soga, hakuna anayekufukuza, lakini kila mtu anajua wewe una kwenu. Fa ni kwa mama mkwe: huketi ukatulia, muda wote unatafuta pa kuegemea, na pa kuegemea ni mi. Na ti ni mlangoni. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakuna anayelala mlangoni, Baba Evod. Ukifika ti, mwili wenyewe unataka kuingia do."

"Na wakisema do ni G?"

"Wamekwambia nyumba imejengwa kiwanja gani. Ikijengwa kwingine, duka la Makame linahama nayo, na mama mkwe anahama nayo."

"Huyo wa mwisho asingehama."

"Unasemaje?"

"Nasema nimeelewa, mwalimu."

Na kweli alielewa. Kila alasiri alikaa mkekani na gitaa kavu, asiliunganishe na spika watu wasisikie, na vidole vyake vilivyokuwa vinazurura bonde zima bila anwani vikaanza kupata majina. Alishangaa. Ilikuwa kama kuishi na majirani miaka mingi halafu ndiyo unaambiwa huyu anaitwa fulani, na yule ni shemeji yake. Tena alipenda sana kurudi do. Kila alichopiga alikimalizia do. Ti, do. Ti, do. Mwalimu anatikisa kichwa kukubali, mwanafunzi anatabasamu.

Lakini upande wa pili wa ua aliishi Dativa, mwanamke mwenye masikio mapana na kazi chache. Dativa hakusikia nota. Alisikia mwanzo tu wa kila somo: mwanaume mzima mwenye upara anamwambia mkewe shikamoo, na mke anaitikia marahaba, kaa mkekani. Hakuhitaji kusikia zaidi. Kufika kesho yake Mlabani yote ilikuwa na habari kwamba Tekla amemlisha mumewe limbwata, tena lile la kutoka mbali.

Apolinari alipokwenda kununua sukari, Makame mwenyewe alimpimia kwa huruma, akamwongezea kidogo. Kasmiri akamjia mazoezini, uso wa msiba.

"Shemeji, mimi ni ndugu wa damu wa yule mwanamke, sitaficha. Kama dada amekulisha kitu, niambie. Nitamwomba apunguze kipimo. Bendi inakuhitaji na akili zako."

Apolinari akafikiri. Akisema ukweli, atakuwa amekiri mbele ya bendi kwamba anafundishwa alfabeti na kwaya, na mwalimu ni mkewe. Akiukubali uongo, atakuwa mume aliyelishwa. Akapima hili, akapima lile. Akachagua limbwata.

"Amenilisha," akasema, akainamisha kichwa.

"Kwenye mlenda?"

"Kwenye perege."

"Nilijua! Yule dada tangu utotoni samaki anawapika kwa siri."

Siku ya mwisho ya mazoezi kabla ya Lupiro, Aikande aliuliza kwa woga, "Baba, kii gani?" Apolinari akakohoa, akaangalia mbali kama mtu aliyeulizwa saa. "Do ni G, mwanangu. Chemko naanzia so, napita la na ti, naingia do. Nasubiri hapo, halafu natoka tena." Mpiga tumba aliangusha kiberiti. Wakapiga, na kila alikokwenda Apolinari, kinanda kilikuwa kimeshafika, na besi ipo. Hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Kasmiri alimkumbatia shemeji yake, na moyoni akawaza kwamba huenda limbwata lina vitamini.

Bandani hapakuwa na wachezaji. Ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Siku ya harusi walivuka mto na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iliyojaa spika, Tekla amekaa mbele kwa sababu kwaya yao ndiyo iliyoalikwa kuimba misa. Misa ikaisha, watu wakaingia kwenye maturubai, na bendi ikapewa nafasi. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Uwanja ukajaa akina mama na vitenge vyao vipya, vijana wa bodaboda, wazee wa upande wa bwana harusi wenye makoti yaliyonunuliwa wakati wao wana kifua. Waimbaji wakafunga midomo. Chemko.

Apolinari akaanzia so, akapita la, akafika ti, na akaingia do. Lo! Ilikuwa tamu, ilikuwa safi. Kinanda kikaingia naye, besi ikaingia naye, kama familia inayofika mezani kwa wakati mmoja. Na watu wote uwanjani wakasimama, wakapiga makofi kwa heshima, wakarudi kwenye viti vyao.

Apolinari akadhani wamechoka. Akatoka tena do, akatembea. Watu wakatazamana, kumbe bado? Wakainuka. Walipoanza kupata joto tu, Apolinari akaingia do. Wakakaa. Akatoka. Wakainuka, safari hii nusu. Akaingia. Wapishi walioona watu wamekaa wakafunua masufuria ya pilau. Mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Obed, akanyakua kipaza sauti: "Naaam, tunawashukuru Mafuriko kwa wimbo huo, sasa ni zamu ya shangazi wa bibi harusi kuleta..." Gitaa likaanza tena. Obed akakaa. Shangazi, amebeba godoro kichwani, akabaki katikati ya uwanja hajui aweke au acheze.

Bibi yake bibi harusi, ambaye kuinuka kwake kulihitaji wajukuu na dua, alipaza sauti, "Jamani, huyo mpiga gitaa aamue! Haya ni magoti, si mlango wa duka!"

Maturubai yote yalicheka. Apolinari alicheka na wenzake kwa bahati mbaya, ndipo alipokumbuka ni yeye.

Wimbo ulipokufa, Kasmiri alimfuata. Hakuwa na uso wa ushemeji.

"Limbwata limeshuka vidoleni."

"Kasmiri, kii nimetaja au sikutaja?"

"Umetaja. Sasa hivi tunajua wote kwa pamoja tunavyoharibu. Wimbo ujao Aikande atapiga solo."

"Nipe mmoja. Huo mmoja tu."

"Wakikaa tena katikati ya chemko, unashika rithim mpaka uzeeni."

"Uzeeni nimeshafika."

"Basi mpaka kaburini."

Apolinari akaenda nyuma ya maturubai, akina mama wa kwaya walikokuwa wamekaa na sahani zao. "Mwalimu!" akaita, na hakukumbuka kwamba hawapo uani. Akina mama wakageuka wote. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ni kweli." Mwingine akamuuliza Tekla waziwazi dawa ile inapatikana wapi.

"Mwalimu, umenifanya nini? Kila nikipiga vizuri watu wanakaa!"

Tekla akalamba kidole cha mchuzi bila haraka. "Mimi nilikufundisha nyumbani ni wapi. Nilikuambia uende kila dakika? Mtu akisikia wimbo umefika kwao, na yeye anakwenda kukaa kwake. Ndivyo watu walivyo. Kanisani tunaingia do, watu wanasema amina, wanakaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Baba Evod!" Tekla akaweka sahani chini. "Wewe mwanaume wa Ifakara, umri huo, kuchelewa kurudi nyumbani nikufundishe mimi?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pilau, ikabidi apigwe mgongoni. Apolinari hakucheka. Alikuwa anatazama kupitia uwazi wa maturubai. Watu waliokuwa wanakwenda huku na huku walikuwa wanakaa, mmoja mmoja, halafu watano, halafu kundi zima kwa pamoja, fururu. Aliwahi kuona kitu kile. Alikiona akiwa juu ya dungu, siku alizojikuna. Ndege wanatua.

Makopo hayakuwa na nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa siri yao, na yeye alikuwa amelijua kwa mikono miaka yote bila kujua analijua. Sasa alijua hata jina la mahali pasipotakiwa kukanyagwa.

Alirudi jukwaani karibu anakimbia, akainama kwenye kinanda.

"Mwanangu, sikiliza. Do ni G, kama mwanzo. Tukifika chemko, do usiiguse."

"Nisiiguse kabisa, baba?"

"Hata kwa kidole kidogo. Wewe kaa so, na mwambie besi akae so. Mimi nitazunguka. Nikifika ti nitaweka mguu mlangoni, utatamani kunifungulia. Usinifungulie! Nikiitaka do nitakuambia kwa mdomo."

Aikande akamtazama, macho yakamtoka. "Baba! Kumbe ndicho ulichokuwa unakifanya siku zote! Kule Mlabani kila wakati mimi ndiye nilikuwa nakuvuta nyumbani, na wewe unakimbia. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nilikuwa na nyusi tu."

Wakaanza. Uwanja ulijaa kwa mashaka, watu wanacheza jicho moja kwenye kiti. Chemko ilipofika, Apolinari akaanzia so, akapita la, akafika ti. Bibi yake bibi harusi akaanza kupinda magoti akae. Ti ikabaki pale pale, inatetemeka, mguu mmoja ndani. Kinanda hakikufungua. Bibi akabaki hewani, hakuweza kukaa, hakuweza kusimama, kwa hiyo akafanya kitu pekee kilichobaki: akatikisa kiuno. Maturubai yakapiga kelele.

Basi Apolinari akavuta kamba ya upande wa mto, akavuta ya upande wa njia. Akapita kwa mama mkwe, akaegemea kidogo, akaondoka kabla hajaulizwa habari za watoto. Akarudi dukani kwa Makame, akakuta kinanda na besi wamekaa wanamsubiri, wakapiga soga wote watatu, na soga ilikuwa nzito kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani hakuwa peke yake nje. Zamani alikuwa akizurura yeye mmoja huku bendi inamvuta shati arudi. Leo bendi nzima ilikuwa imechelewa kurudi nyumbani, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Shangazi alicheza na godoro kichwani. Wapishi walicheza na miiko mikononi. Mzee mmoja wa makoti alivuliwa koti na mwendo wake mwenyewe. Hata Dativa, aliyekuja harusini kuangalia limbwata linavyofanya kazi, alisahau kilichomleta. Kila walipohisi sasa imekwisha, haikwisha. Vumbi likapanda mpaka bibi harusi akawa na rangi moja na mumewe.

Aliyekata tamaa wa kwanza ni Obed. Alikuja jukwaani na kipaza sauti chake kisichosikika. "Mzee wangu, ratiba! Zawadi bado, keki bado, pilau inapoa!" Apolinari akapandisha nyusi. Obed akamgeukia Kasmiri. Kasmiri, shati limemganda mgongoni, alikuwa anacheza na hakutaka kuulizwa. Alipoona hata maharusi wenyewe wameanza kushikana mbavu kwa uchovu, ndipo akaja kumpigia kelele sikioni.

"Shemeji! Basi! Wapeleke nyumbani watu hawa, tutaua wazee!"

"Solo ya nani?"

"Yako! Solo yako! Wapeleke!"

Apolinari akamgeukia Aikande, akasema kwa mdomo, kama bendi yenye utaratibu inavyotakiwa: "Mwanangu, fungua mlango."

Ti. Do.

Harusi nzima ikakaa. Fururu, kwa mara moja. Waliokuwa mbali na viti vyao walikaa kwenye viti vya wenzao, na bibi yake bibi harusi alikaa kwenye lile godoro la zawadi, na hakukubali kuondoka mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi kirikuu ilikuwa inarudi Ifakara. Kasmiri aliendesha. Tekla na Apolinari walikaa naye mbele, wamebanana, na Aikande nyuma pamoja na spika, anaimba peke yake. Apolinari alikuwa ameshalala usingizi mzuri, na kwa mwanaume kama yule usingizi mzuri unaleta maneno.

"Mambo ya nota ni ya kitoto," alianza, walipokuwa wanaukaribia mto. "Watu wamecheza kwa sababu ya dungu. Mimi nimefundishwa na ndege."

"Nota gani tena?" aliuliza Kasmiri. "Si ulisema perege?"

"Nilijua utasahau," Tekla alimwambia mumewe. "Kwa hiyo do re mi haikukusaidia chochote?"

"Haikunidhuru, na hilo nakushukuru. Lakini mpiga solo wa kweli haihitaji. Ikiingia sikio hili inatokea lile. Hata sasa sikumbuki kitu."

Tekla aligeuka dirishani, akautazama mto, na akaanza kuimba polepole kwa ile sauti yake ya pili.

"Do... re... mi... fa... so... la... ti..."

Akanyamaza. Akachomoa kitambaa, akajifuta uso, akamuuliza Kasmiri habari za mpunga wake, na Kasmiri akajibu kwamba mwaka huu si haba.

Gari likaingia darajani. Apolinari akajikuna shingo. Akatazama maji. Akafungua dirisha, akalifunga. Huko nyuma Aikande naye alikuwa amenyamaza, mkono juu ya spika, anasubiri. Wavuvi wawili walipita chini na mtumbwi. Tekla akasema perege siku hizi wamekuwa wadogo. Kasmiri akasema kweli. Mguu wa Apolinari ukaanza kutikisika wenyewe, halafu goti, halafu mdomo.

Walikuwa hawajafika hata katikati ya daraja.

"Do!" alipiga kelele. "Do! Do! Mama Evod, utaniua, do!"

"Shikamoo nani?" aliuliza Tekla, macho yake kwenye mto.

Kasmiri akakanyaga breki ili asikie vizuri.